Kumbukumbu ya Pamoja

Programu inayotenda kazi katika kompyuta huitwa mchakato. Katika mfumo wa Unix, uliobuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Marekani mwaka wa 1969, kila mchakato hupewa kumbukumbu yake, nayo imezungukwa na ukuta. Mimi nausifu ukuta huo: mchakato mmoja ukiharibikiwa, mingine huendelea salama.

Lakini majirani wana haja ya kupashana habari. Njia moja ni bomba, lililoingia katika Unix mwaka wa 1973. Mchakato mmoja humimina maneno huku, mwingine huyapokea kule. Njia hii ina adabu, walakini ina kazi: kiini cha mfumo hunakili kila neno linapoingia, tena linapotoka. Kumbukumbu ya pamoja huondoa taabu hiyo. Kiini hutenga sehemu moja, kisha huifungulia mlango katika nyumba ya kila mchakato unaoitaka. Unachoandika mmoja, mwingine hukisoma pale pale. Hakuna tarishi, hakuna nakala.

Basi hakuna pia mwenye kugawa zamu. Wanafunzi wangu huwapa hesabu hii. Mtoto amelipiwa karo ya shilingi 1,000. Mama yake analipa 500 kwa karani mmoja, na wakati ule ule mjomba analipa 300 kwa karani mwingine. Mchakato wa kwanza unasoma 1,000. Wa pili nao unasoma 1,000 kabla ya mwenzake kuandika. Wa kwanza unaandika 1,500, wa pili unaandika 1,300 juu yake. Fedha ya mama imepotea pasipo mwizi, na mtoto aweza kufukuzwa darasani hali stakabadhi i mfukoni. Ukiijaribu programu kesho, yamkini utaiona sahihi mara elfu.

Dawa yake ni semafori, aliyoibuni Mholanzi Edsger Dijkstra katika miaka ya 1960. Ni namba ambayo mchakato huipunguza kabla ya kuingia na kuirudisha ukitoka. Ukiikuta sifuri, hungoja. Hata hivyo ni agano tu. Mchakato usioiuliza semafori huandika upendavyo, wala hauzuiwi. Wanafunzi huniuliza kwa nini kiini kisisimame mlangoni. Kikisimama kukagua kila neno kitakuwa tarishi tena, na ule wepesi uliotafutwa utatoweka.