Muuza Mayai wa Magomeni

Mpwa wangu ameacha kwenda jimu kwa sababu mwalimu wake kasafiri. Nilipomuuliza kama na vyuma vimesafiri, akanitazama kwa huruma. "Mjomba, peke yangu nitautoa wapi mzuka?" Analipa fedha ya kulisha nyumba ili mtu asimame pembeni amhesabie mpaka kumi na mbili.

Sisi wa Magomeni Kota tulihesabiana wenyewe. Chuma chetu kilikuwa bomba la maji, kila ncha kopo la rangi lililojaa zege. Unasimamisha bomba ndani ya kopo, unamimina, unamwagilia asubuhi na jioni kama nguzo ya nyumba, kisha unageukia ncha ya pili. Pande mbili hazikulingana hata siku moja, kwa hiyo kila raundi tuligeuza bomba ili mkono wa kushoto nao uonje. Mwaka gani? Commando ya Schwarzenegger ilitoka 1985, lakini sisi tuliiona kibanda cha video, kanda imechakaa mpaka misuli inatetemeka yenyewe. Iwe 1988, au baadaye kidogo. Tuache.

Filamu ilitutia moto siku tatu. Ya nne mapaja yalikuwa yanauma hata kuchuchumaa shida. Aliyetufanya tusikose tizi ni muuza mayai ya kuchemsha. Alifika baada ya magharibi na ndoo ya plastiki, kachumbari kwenye bakuli lenye mfuniko, chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti. Alimenya yai kwa kidole gumba tu, akalipasua kwa kijiko, akashindilia kachumbari katikati, na siki ikakutekenya pua kabla hujapokea. Mwenyewe alikuwa mwembamba, wala sikumwona akigusa lile bomba. Ila alikopesha, na alimkopesha aliyetoka jasho tu. "Mkavu halipi," alikuwa akisema, huku akikupapasa mgongo kuhakikisha.

Usipoonekana siku mbili, alipita kwenu. "Shikamoo mama. Kijana hajambo?" Basi, hakuongeza neno. Mama akishajua kuna deni la mayai, kulala ndani jioni kulikuwa kugumu kuliko kubeba zege. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Hilo hatukulijua, na sidhani kama naye alilijua. Yeye alijua kudai.

Halafu lilikuwepo benchi letu la mbao. Bomba likikulalia kifuani hulitoi peke yako, lazima awepo wa kulipokea. Ukikosa wewe, jioni ya mwenzako imeharibika, na kesho yake atakwambia mbele ya watu.

Mwaka 1994 televisheni ikaja, watu wakahamia sebuleni kwa wenye nayo. Zikafuata jimu zenye vioo, mashine na muziki wa kupasua masikio. Kota zikavunjwa, maghorofa yaliyozinduliwa 2022 ni mazuri, sina kinyongo nayo. Wala siwadharau walimu. Angekuwepo mmoja wa kutusahihisha migongo, huenda leo nisingeinuka kitini kwa awamu. Kinachonikera ni ukumbi uliojaa watu, kila mmoja kaziba masikio, hakuna ajuaye jina la jirani yake. Toweka mwezi mzima uone: atakayekukumbuka ni ujumbe wa malipo kwenye simu.

Siku hizi tunakutana watatu, uani kwangu Kimara, alfajiri. Vyuma ni vya dukani, vinalingana, hata raha yake siioni. Asiyetokea hulipia supu ya wote, na chapati juu. Mmoja wetu, mhasibu mstaafu, sasa anadai kikohozi kihesabiwe udhuru. Tumemkatalia.