Timu Ipi Imfaayo Mtoto Wetu?

Jamaa zetu wa Uvira na Bukavu hutuuliza mara nyingi kama watoto wetu wangali wanacheza mpira wa miguu huku Marekani. Twawajibu ya kwamba wadogo wanaucheza bado, lakini mwana wetu wa kwanza ameshika gongo. Hapo hucheka, kwani hawajui gongo hilo ni la kazi gani. Leo twataka kuwasimulia habari yake, si kwa kujisifu, bali kwa sababu tulikosa, na kosa letu lilimwumiza mtoto. Labda mzazi mwingine, hata asiyeujua mchezo huu, atapata faida katika kosa letu.

Sisi tulisoma seminari ndogo, kisha tulifundisha shule mpaka vita ilipotuhamisha. Sasa twakaa Louisville, katika jimbo la Kentucky, kando ya mto Ohio, pamoja na jamaa wengi wa Kongo waliopokewa humo kama wakimbizi. Usiku twafanya kazi katika ghala la vifurushi. Mji huu una sifa kwa ajili ya magongo ya besiboli. Mbele ya nyumba moja ya makumbusho limesimamishwa gongo la chuma lenye urefu wa mita 36 hivi, limeegemea ukuta, na kila mgeni hupelekwa kulitazama. Si ajabu basi mtoto akikulia hapa akaupenda mchezo huo.

Kwa ufupi, mchezo ni huu. Watu 9 wa timu moja husimama uwanjani. Mmoja wao, yaani mrushaji, hurusha mpira mdogo mgumu. Mtu wa timu ya pili, mwenye gongo, hujaribu kuupiga, na akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo vinne. Kazi nzito kuliko zote ni ya mrushaji, na uzito wake huangukia kiwiko na bega. Wala msidhani ni mchezo wa Wazungu peke yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, katika nchi ya Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania, nao walishinda mchezo mmoja juu ya watoto wa Oregon.

Huku mtoto aweza kuingia timu za namna mbili. Za kwanza ni timu za mtaa. Zilizo maarufu ni zile za Little League, chama alichokianzisha Carl Stotz huko Williamsport mwaka 1939. Mtoto huandikwa mahali akaapo, ada si kubwa, na kila mmoja hupewa nafasi ya kucheza, hata asiye hodari. Za pili ni timu za safari. Hizi huchagua watoto kwa kuwajaribu, mara nyingi mwezi wa Agosti, kisha huwapeleka mji hata mji kushindana. Jumamosi hucheza michezo ya makundi. Dominika hucheza ile ya kutoana, na anayeshinda huendelea mpaka jioni. Mzazi hulipa ada, nguo, gongo, petroli, chakula na kitanda cha kulala. Ada peke yake yaweza kuwa mamia ya dola, na penginepo maelfu.

Mwana wetu alianza katika timu ya mtaa, akiwa na miaka 8. Alicheza miaka miwili kwa furaha. Mwisho wa mwaka wa pili bwana mmoja alitujia kando ya uwanja, akasema: “Mkono wa kijana huyu una nguvu kupita umri wake. Mkimwacha katika timu hizi ndogo mtaipoteza zawadi yake.” Akatuonyesha picha za vikombe. Akataja vyuo vikuu vinavyowasomesha wachezaji bure.

Wasomaji wapendwa, maneno hayo yalitulevya. Sisi tulioambiwa katika ugeni wetu maneno mengi ya kutupunguza, sasa twaambiwa mtoto wetu ni zawadi! Hatukuuliza neno hata moja. Tulikuwa tumeweka akiba kwa ajili ya paa la nyumba ya mama yetu huko Uvira, ambalo lilivuja tangu masika mawili. Tulizitoa fedha hizo, dola 1,800, tukalipa ada. Tulimwambia mama yetu kwa simu avumilie kidogo. Mtoto alikuwa ameketi karibu nasi, akasikia yote.

Mazoezi yalianza mwezi wa Januari ndani ya jumba, kwa kuwa nje kulikuwa na theluji. Toka mwezi wa Machi tukawa watu wa njia. Wadogo zake walilala garini. Dominika nyingine tulikimbilia Misa ya Jumamosi jioni. Nyingine hatukuipata kabisa. Mama wa watoto alituuliza: “Je, sisi ndio tunaoiongoza nyumba hii, au timu?” Tukajibu ya kwamba ni kwa faida ya mtoto.

Mwezi wa Mei tuliona anabeba mfuko wake kwa mkono wa kushoto. Tulimwuliza kama anaumwa. Akasema: “Hapana, Baba.” Juma moja baadaye, Jumamosi, alirusha mara 60 na zaidi, na kesho yake asubuhi aliitwa kurusha tena. Katika mashindano yale walihesabu vipindi vya mchezo, hawakuhesabu mirusho. Sisi tulikaa pembeni tukipiga makofi.

Usiku ule mama yake alimkuta akijaribu kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto, machozi yakimtoka. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimevimba. Tulimketisha kitandani, tukamwuliza kwa nini alituficha. Alinyamaza sana. Kisha akasema: “Baba, mlilipa fedha za paa la bibi. Nikisema ninaumwa, zitapotea bure.”

Hatukuweza kumjibu. Tulikuwa tumemfundisha katekisimu na tumemkataza uongo. Na tazameni, sisi wenyewe tulimtia mahali ambapo kusema kweli kulikuwa kama kumwibia bibi yake.

Daktari alisema ya kwamba sehemu ya mfupa inayokua, upande wa ndani wa kiwiko, ilikuwa imeumizwa kwa kurusha kupita kiasi. Akamkataza kurusha kwa majuma 6, kisha arudie pole pole. Tulimshukuru Mungu kwa kuwa hakuhitaji kupasuliwa. Tulipompa habari mwalimu wa timu, alituuliza kama mtoto ataweza kucheza Dominika ijayo, kwani mwingine alikuwa akiingojea nafasi yake. Fedha hazikurudishwa. Hatumlaumu yeye peke yake. Nasi tungalimwuliza mapema, tungalijua mawazo yake. Wahenga walisema kweli: kuuliza si ujinga.

Tangu siku ile tulianza kujifunza. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alikitengeneza kiwiko cha mrushaji mmoja wa Los Angeles, Tommy John, kwa kumtia ukano uliotolewa mahali pengine mwilini. Kazi hiyo ya upasuaji yaitwa kwa jina la mchezaji huyo hata leo, na siku hizi vijana wasiomaliza shule nao hufanyiwa. Mrushaji maarufu John Smoltz, aliyepasuliwa hivyo naye, alipopewa heshima kuu ya mchezo mwaka 2015 alitumia hotuba yake kuwaonya wazazi ya kwamba besiboli si mchezo wa mwaka mzima, na watoto waachwe wacheze michezo mingine pia.

Tena mwaka 2014 wakubwa wa besiboli ya Marekani, pamoja na waganga, walitoa maongozi yaitwayo Pitch Smart. Mtoto wa miaka 9 au 10 asirushe zaidi ya mara 75 kwa siku moja katika mchezo. Akirusha mara 51 mpaka 65, apumzike siku 3 kabla ya kurusha tena. Akipita hapo, siku 4. Na kila mwaka mkono upumzike kurusha miezi 4. Hesabu hizi zatolewa bure, mzazi yeyote aweza kuzisoma. Mwana wetu alirusha mara 60 na zaidi, akapumzika usiku mmoja.

Na vyuo vikuu je? Hapo pia tulidanganyika. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2025, chuo cha daraja la kwanza hakikuruhusiwa kutoa misaada kamili ya masomo kupita 11.7 kwa timu yake nzima ya besiboli. Misaada hiyo hugawanywa vipande vipande, na wengi hupata kidogo. Sheria imegeuzwa tangu hapo, lakini mzazi anayenunua vikombe vya mtoto wa miaka 10 akitumaini chuo, anajenga juu ya mchanga.

Agosti ilipofika, mtoto alikuwa amepona, naye alitaka kucheza. Hatukutaka kumwadhibu kwa kosa letu. Tulikwenda kutazama timu tatu, bila yeye, tukakaa nyuma kimya. Hatukutazama kwanza nani anashinda. Tulimtazama mtoto aliyekosa mpira: anaporudi, mwalimu anamwambia nini? Katika timu ya kwanza alikemewa mbele ya wote. Katika ya pili mwana wa mwalimu hakukaa nje hata mara moja, na wengine wawili hawakuingia kabisa. Katika ya tatu mwalimu alimwinamia aliyekosa, akamwonyesha namna ya kusimama, akamrudisha kwa wenzake.

Kwa huyo tulikwenda na karatasi yetu ya maswali. Nani anahesabu mirusho? Mkono wapumzika miezi mingapi? Gharama zote ni ngapi, pamoja na zile zisizoandikwa katika ada? Watoto wangapi wamo, na kila mmoja acheza kiasi gani? Kijana akifanya mtihani shuleni, au tukitaka kusali Dominika, mtasemaje? Mwalimu hakukasirika. Alitoa mfukoni chombo kidogo cha kuhesabia, akatuonyesha. Alisema timu yake hushindana mara moja kwa mwezi, haisafiri zaidi ya saa moja, na hufunga kazi wakati wa baridi. Ada ilikuwa dola 600. Kikombe alikuwa nacho kimoja tu.

Mwezi wa Aprili uliofuata, katika mchezo wao wa pili, mwana wetu alirusha mara 30 hivi. Timu yake ilikuwa mbele kwa alama moja. Ghafula akainua mkono, akamwita mwalimu. Tuliona midomo yake ikisema: mkono umechoka. Mwalimu aliingia uwanjani, akaupokea mpira, akaweka mkono begani mwake, wakatoka pamoja. Mrushaji aliyefuata hakuweza kuwazuia wapinzani, nao wakashindwa.

Garini tulitaka kumtuliza, tukageuka kumtazama. Alikuwa akigombana na mdogo wake juu ya kipande cha mkate. Hakuwa na habari ya kutulizwa.

Paa la mama yetu liliezekwa mwaka uleule, kwa fedha tusizozitumia njiani.

Wazazi wenzetu, huenda kwenu hakuna magongo wala vituo vinne. Lakini wapo watu wanaotafuta wavulana hodari kwa mpira wa miguu, na wapo wazazi wanaouza shamba ili mtoto achukuliwe. Msikatae kila mara. Mchezo ni mwema, na bidii ni njema. Ila kabla ya kutoa fedha, nendeni mkatazame, mkaulize. Na mtoto akiisha kuingia, msimhesabie mlicholipa. Timu imfaayo ni ile ambayo mtoto aweza kusema ndani yake: “Ninaumwa,” naye asiogope mwalimu wake, wala asiogope sisi.