Habari za Mzizima

Sisi wa Mwankoko, katika nchi ya Singida, twayajua maji ya chumvi ya maziwa yetu, lakini maji yanayokupwa na kujaa hatukuyazoea. Basi tulipofika Dar es Salaam tulikwenda kwanza kutazama bandari. Walimu wengi huwafundisha watoto ya kuwa mji ule ulianzishwa na Sultani Majid. Neno hilo ni nusu ya habari tu.

Kabla ya Sultani palikuwapo kijiji cha wavuvi, jina lake Mzizima. Washomvi, watu wa pwani, walikaa hapo wakivua samaki na kufanya biashara ya chumvi. Na nyuma yao walikuwapo Wazaramo, wenye kulima. Masimulizi ya wenyeji yasema kwamba Wakamba walipowashambulia, Washomvi walimwita Pazi Kilama, mwindaji hodari wa bara, naye akawafukuza adui zao. Akalipwa chumvi, nguo na samaki. Mtu wa Singida hatacheka akisikia shujaa amelipwa chumvi.

Kwa habari za jina, wengi hulieleza kuwa ni mji wenye afya, yaani mji mzima. Wengine hulitafuta katika neno kuzizima, yaani kuwa baridi na kutulia, kama yafanyavyo maji ya mtungini. Sisi twalipenda hili la pili, maana lapatana na mahali penyewe: bahari imeingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, kisha imejikunja, na mawimbi makubwa hubaki nje.

Utulivu huo ndio uliomvuta Majid bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1856. Huko Bagamoyo maji ya pwani ni haba, na merikebu kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Hapa zaweza kuingia ndani kabisa. Basi katikati ya miaka ya 1860 akaanza kujenga majumba ya mawe ya matumbawe, akitaka biashara ya bara ishukie hapo. Jina alilolitoa lafasiriwa kwa njia mbili: wengine husema Bandari ya Salama, wengine Nyumba ya Amani. Lakini amani hiyo haikuwa ya kila mtu, kwa kuwa katika enzi yake watu walikuwa wakiuzwa bado. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873 tu, chini ya ndugu yake Barghash.

Majid alikufa mwaka 1870, kazi yake haijakwisha. Barghash hakuijali. Majumba yakaachwa, mengine yakabomoka, majani yakaota ndani yake. Wavuvi wao wakaendelea na nyavu zao, maana hawakuwa wamemngoja Sultani ili waanze kuvua. Wajerumani walikuja mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Hapo ndipo kijiji kilipomezwa na mji.

Katika majengo ya Majid limesalia Boma la Kale, lililojengwa 1866 hata 1867, nalo lasimama karibu na bandari. Hesabu ya watu ya 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Jina la Mzizima tulilikuta limeandikwa juu ya shule ya sekondari.