Gemu yangu ya anga za juu ilikosa maji

Najua nimepotea. Kuna walioniuliza kama nimeacha kuandika programu nikaanza kuuza viazi karai Malindi, na jibu ni la, ingawa ziko siku nilifikiria. Ukweli ni kwamba kila nikitoka kazini jioni nimekuwa nikitengeneza gemu. Leo nataka kuwasimulia ilivyokwenda, hasa pale nilipokosea, maana nimekosea sana na huenda mmoja wenu akaokoa miezi yake.

Kwanza kwa wale wasiozijua gemu za aina hii. Ni zile ambazo mchezaji anavaa nafsi ya mhusika, anasafiri, anaongea na watu, anaamua mambo, na mhusika wake anabadilika kadiri hadithi inavyokwenda. Asili yake ni mezani, wala si kwenye tarakilishi. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, watu wakikaa na karatasi, penseli na dadu. Mmoja anasimulia, wengine wanasema watafanya nini, dadu zinaamua kama wamefaulu. Mwaka 1977 Marc Miller akatoa Traveller, akaupeleka mchezo huo angani kwenye vyombo na sayari. Kisha Wajapani wakaja na Dragon Quest mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987, mambo yakahamia kwenye runinga.

Sisi hatukuyajua hayo yote. Mimi na mdogo wangu tulibuni mchezo wetu mwaka 2008, mimi nikiwa na miaka 11 na yeye 9. Mjomba alitupeleka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, tukaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini. Akatuambia kwamba hapo zamani roketi zilikuwa zikirushwa kutoka pale. Tukajua mjomba ametia chumvi kama kawaida yake. Kumbe safari hii alisema kweli! Jukwaa lile ni San Marco, la Waitaliano, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani. Kwa vile siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, wakaipa jina la Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Tuliporudi nyumbani tukachukua daftari la hesabu, lile la miraba, na dadu 2 za ludo. Chombo chetu tukakiita Ngomeni. Yeye akawa Kapteni, mimi msimulizi. Roboti wa chombo alikuwa kopo tupu la mafuta ya kupikia lenye macho ya vizibo vya soda, na jina lake likawa hilohilo, Kopo. Sheria kuu ilikuwa moja tu: chombo kinaondoka na mitungi 12 ya maji, na kila safari inakula mtungi 1. Kwa nini 12? Kwa sababu mkokoteni wa muuza maji wa mtaani kwetu ulibeba mitungi 12. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, kwa hivyo ya kunywa tulinunua, na mama alijua kila mtungi umekwenda wapi.

Tulicheza mchezo ule miaka mingi. Daftari zilijaa, tukaongeza nyingine.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo sipendi sana kuisimulia. Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea sayansi ya kompyuta. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama za kuingia chuo kikuu alizipata. Pesa za nyumbani zilikuwa za mtu mmoja. Hakuna kikao kilichokaa. Siku moja alikuja na paspoti, akasema amepata kazi ya ulinzi Doha. Karo yangu ya mihula yote iliyobaki ilitoka kwake. Hajawahi kunitajia jambo hilo hata mara moja, na nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama angelitaja.

Basi nilipopata kazi na laptopu ya maana nikajiwekea ahadi: nitaifanya ile gemu yetu ya daftari iwe gemu ya kweli, nimpelekee kama zawadi.

Nilianza mwaka 2023, wiki chache baada ya Godot 4 kutoka mwezi Machi. Kwa wasiojua, Godot ni programu ya kutengenezea gemu, iliyoanzishwa na Waajentina 2, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na msimbo wake ukawekwa wazi kwa wote mwaka 2014. Hulipii hata senti, na lugha yake inafanana na Python. Laptopu yangu ya gigabaiti 8 iliimudu bila kulalamika.

Hapo ndipo ujinga ulipoanza. Badala ya kufungua daftari zetu, nilifungua gemu za wakubwa. Nikaona wana sayari nyingi, nami nikaweka sayari 40. Wana silaha na vifaa tele, nami nikaandika orodha ya vitu 214. Nikaweka alama za uzoefu, ngazi za kupanda, maduka, na mti wa ujuzi ambao hata mimi sikuweza kuueleza. Mwaka mmoja na nusu ukaenda hivyo, usiku baada ya usiku. Gemu ilikuwa inapendeza kuitazama.

Aliyenistua kwanza alikuwa mama. Nilikwenda nyumbani Malindi nikamwonyesha, akasoma kwa sauti maandishi kwenye skrini: "Mtungi yako imevunjika." Akanitazama. "Mwanangu, huyu kapteni wako ni Mzungu?"

Wanaoandika programu watajua kilichotokea. Kwa Kiingereza unaandika sentensi moja yenye pengo, kisha unachomeka jina la kitu chochote, na kazi imeisha. Kiswahili hakikubali mchezo huo. Mtungi wako umevunjika. Kifaa chako kimevunjika. Jiwe lako limevunjika. Betri yako imekwisha. Ukiingia kwenye wingi, kila kitu kinageuka tena: mitungi yako imevunjika, vifaa vyako vimevunjika, mawe yako yamevunjika. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya msingi alituchapia ngeli hizi miaka 8, na bado niliziacha nje ya gemu yangu kama viatu msikitini.

Nilivyotatua ni hivi. Kila kitu kwenye gemu sasa kina rekodi yenye sehemu 3: jina la umoja, jina la wingi, na ngeli yake. Pembeni kuna jedwali moja la ngeli, A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo, na kila ngeli ina kiambishi cha kitendo, cha kumiliki na cha sifa. Sentensi haiandikwi tena nzima. Inaungwa wakati ule ule kutoka kwenye jedwali. Idadi nikaziandika kwa tarakimu, mitungi 2, vifaa 2, maana ukiandika kwa maneno itabidi useme miwili, viwili, mbili, halafu sita na saba hazibadiliki. Tarakimu zimeniokoa wiki nzima!

Lakini vitu 214 vya kupangiwa ngeli ni adhabu. Nilianza kufuta vile visivyo na kazi, nikashangaa kuona ni karibu vyote. Hata hivyo sikufuta vya kutosha. Mwishoni mwa 2024 nikakusanya nilichonacho nikamtumia mdogo wangu toleo la simu.

Doha na sisi saa ni moja. Yeye alikuwa zamu ya usiku. Saa 8 usiku nikapata ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Akasema ni nzuri, akasifu michoro, akacheka kuona chombo kinaitwa Ngomeni. Halafu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini kaka, maji yako wapi?"

Sikulala. Sayari 40, na maji nimeyasahau! Kwenye gemu yangu mchezaji angeweza kwenda popote, kununua chochote, kuongea na yeyote, na hakuna kilichomgharimu. Kwenye daftari kila uamuzi ulikuwa na bei, na bei ilihesabika kwa mitungi. Ukisaidia chombo kilichokwama, unafika kwako na kiu. Usipokisaidia, msimulizi (yaani mimi) atakukumbusha siku nyingine. Ndiyo maana tulicheza miaka ile yote bila picha hata moja.

Nikaanza upya, miezi 9. Sayari zimebaki 5 na vitu 31. Mitungi ni 12, ya lita 20, jumla lita 240. Maji yana kazi 3: kunywa, kupoza injini, na kubadilishana na watu. Chochote unachofanya kinatoka kwenye hesabu ile ile.

Sayansi nayo nikaiheshimu zaidi. Kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, NASA ilitangaza mwaka 2023 kwamba wamefikia kurejesha karibu asilimia 98 ya maji, yakiwemo ya jasho na mkojo. Ukiweka mtambo kama huo kwenye gemu, uhaba unaisha na hadithi nayo inaisha. Kwa hivyo mtambo upo, ila unaharibika dakika ya 10, na spea zake ziko sayari ya 4. Pia ukirushia chombo chako Ngomeni unapata mtungi 1 wa ziada. Huo si upendeleo wa kwetu. Dunia kwenye ikweta inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inaanza safari na kasi hiyo bure, ikahitaji mafuta kidogo zaidi na kubeba mzigo zaidi. Ndiyo faida ya kuwa na jukwaa pale.

Dadu 2 pia zimerudi. Toleo la kwanza lilichagua namba kati ya 1 na 100, na kila kitu kilikuwa na nafasi ya asilimia 70. Sasa unahitaji jumla ya 8 au zaidi. Kati ya matokeo 36, yanayokupa hivyo ni 15, yaani kama asilimia 42. Ukiwa na nyongeza ya 1 yanakuwa 21, asilimia 58. Nyongeza ya 2, yanakuwa 26, asilimia 72. Ukiwa umechoka na kupunguziwa 1, yanabaki 10, asilimia 28. Nyongeza ya 1 tu inageuza jambo gumu kuwa la kujaribika, na mchezaji anazielewa dadu kwa sababu amewahi kuzishika.

Na Kopo je? Hapa jedwali la ngeli lilinipa kitu ambacho sikukitafuta. Nilipofika kwenye neno roboti sikujua nimpange wapi. Ni I-ZI kama mashine, au A-WA kama mtu? Nikaamua nisiamue. Kopo anaanza gemu akiwa I-ZI: "Roboti imefungua mlango." Viungo vyake vinahitaji maji ya kupozwa, na mchezaji anaweza kumpa au kumnyima. Ukimpa mara 3, programu inabadilisha ngeli yake kimyakimya: "Kopo amefungua mlango." Ni mstari mmoja wa msimbo. Hakuna tangazo, hakuna muziki, na sikumwambia mtu yeyote.

Mwezi uliopita nikamtumia mdogo wangu toleo jipya. Siku 4 kimya. Nikajua ameshaichoka, au ana zamu nyingi. Siku ya 5, saa 9 usiku, ujumbe wa sauti. Alikuwa amefika karibu na mwisho, mtungi umebaki 1, injini inawaka, na Kopo yuko nje ya chombo anatengeneza mtambo. Ama upoze injini uondoke sasa, ama umsubiri.

"Kaka," akasema, "nimemwacha nje." Kisha akakaa kimya, nikasikia kiyoyozi cha kibanda chake kinavuma. "Nitaanza tena kesho. Siwezi kumwacha."

Sikujibu mara moja. Asubuhi nikamwandikia kwamba nafasi ya kozi bado ipo kama anaitaka, na kwamba safari hii karo ni yangu. Amesema atafikiria. Anarudi likizo mwezi Desemba, tutaongea tukiwa pamoja.

Kazi iliyobaki: sauti za injini bado ni mimi ninayepuliza kwenye chupa, na kwenye simu za zamani gemu inakwama sayari ya 3. Nikimaliza nitaitoa bure. Kama unatengeneza ya kwako, anza na kile ambacho nyumbani kwenu kilihesabiwa kabla ya kutumiwa, na msomee mama yako maandishi yake mapema.

Haya, nawaacha. Stima imerudi na kuna hitilafu moja ya U-ZI inanisubiri.