Mwalimu wa Michezo na Tabibu

Mwili wa kijana hutazamwa na watu wawili: mwalimu wa michezo, autakaye utoe nguvu zake zote, na tabibu, azilindaye nguvu hizo zisiishe kabla ya wakati wake. Mara nyingi wawili hao hawashauriani. Heri kijana aliyempata mtu mmoja mwenye elimu zote mbili.

Mtu wa namna hiyo alikuwa James Naismith, aliyezaliwa Kanada mwaka 1861. Desemba 1891, katika chuo cha YMCA cha Springfield, Marekani, alipewa darasa la wanafunzi 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, na mpira wa kikapu ukazaliwa. Sheria mojawapo ilikataza kukimbia na mpira mikononi, kwa kuwa asiyekimbia nao hakuna haja ya kumwangusha. Mwaka 1898 alihitimu utabibu mjini Denver, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Kansas kufundisha mazoezi ya mwili. Hadi mwaka 1907 timu yake ilikuwa imeshinda michezo 55 na kushindwa 60. Lakini yeye aliupenda mchezo kwa faida yake mwilini kuliko kwa ushindi.

Hekima hiyo yahitajiwa sana katika nchi ya almasi na dhahabu, toka Shinyanga hata Geita. Jioni kijana wa Nyarugusu hucheza mpira, akashangiliwa. Asubuhi yumo ndani ya duara, au yuko kwenye karasha mwamba unaposagwa. Vumbi lake huyaumiza mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu. Na zebaki inapochomwa ili dhahabu ibaki, mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu na figo. Mwenye duara ajua uzito wa kila mfuko wa mawe. Pumzi ya mbebaji wake hakuipima.

Kuulowesha mwamba kabla ya kuusaga, na kuchoma zebaki katika chombo kilichozibwa, ni sheria za kazi mfano wa ile ya kutokimbia na mpira: zote huzuia jeraha kabla halijatafutiwa dawa. Atumiaye nguvu za kijana, uwanjani au shimoni, ana wajibu wa kujua mpaka wake. Asiyeujua huhesabu mapato tu, na hasara humwachia mama wa kijana.