Jina la Mwandishi na Moyo wa Mgonjwa

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika insha ya kozi huulizwa maswali mawili: nani aliyesema haya, na aliyasema wapi? Tunayajibu kwa jina na mwaka ndani ya mabano, kisha tunaendelea na safari. Maswali hayo huonekana kuwa taratibu tu za darasani. Hata hivyo, maradhi ya saratani yalinifundisha kwamba katika mabano hayo mafupi huenda mna faraja ya mtu, au mateso yake. Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi mambo matatu ambayo hukaa katika rafu tofauti za maktaba, yaani wajibu wa mwandishi wa utafiti, hesabu ya marejeleo na ustawi wa nafsi ya mgonjwa, yalivyonijia yakiwa jambo moja.

Nilipokuwa mwaka wa pili, mwanafunzi mmoja wa uzamili katika saikolojia aliniomba nimsaidie kutafsiri hojaji ambayo angeitumia kuwahoji wagonjwa wa saratani. Ilikuwa ile ya Zigmond na Snaith, iliyochapishwa mwaka 1983 na kutumiwa tangu hapo katika hospitali za mataifa mengi. Ina vipengele 14: 7 vinapima wasiwasi na 7 vinapima sonona. Waliyoitunga waliepuka kwa makusudi kuuliza juu ya dalili za mwili kama vile uchovu au kukosa usingizi, kwa sababu mtu aliyelazwa hospitalini huwa nazo tayari kutokana na ugonjwa wenyewe. Walitaka kuisikia nafsi bila kelele za mwili.

Kazi ilionekana nyepesi hadi tulipofika kwenye kipengele kinachotaja hofu kwa mfano wa vipepeo tumboni. Mswahili hana vipepeo tumboni. Wazo lililotujia kwanza lilikuwa tumbo joto, msemo ambao magazeti yetu huutumia kila uchaguzi unapokaribia. Lakini fikiria, msomaji mpendwa, mama aliyetoka kutiwa dawa za kemikali mshipani akiulizwa kama ana tumbo joto! Atajibu kuwa analo, tena kali, na atakuwa anasema kweli juu ya tumbo lake, si juu ya hofu yake. Tulijadiliana kwa siku kadhaa kabla ya kuafikiana kwamba roho juu ingefaa zaidi. Hapo nilitambua kwamba neno moja lililokosewa lingehesabiwa kuwa ugonjwa wa nafsi, lingeingizwa katika jedwali, na pengine lingerejelewa na watu ambao hawatajua kamwe kwamba chanzo chake kilikuwa kichefuchefu.

Siku tuliyoijaribu tafsiri hiyo, mama mmoja wa makamo alisikiliza maelezo yote kuhusu ridhaa na usiri, kisha akauliza: "Haya nitakayosema yataandikwa kwa jina la nani?" Mtafiti alimweleza kwamba jina la mgonjwa halitatajwa popote, litakaloonekana ni la mtafiti. Mama akatafakari kidogo, akasema: "Basi ayatunze. Jina ni lake, lakini maneno ni yangu." Sijasikia mhadhara wowote juu ya maadili ya utafiti uliosema zaidi ya hayo.

Swali la pili lilinijia nyumbani. Mama yangu mdogo aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Miongoni mwa waliokuja kumjulia hali alikuwamo jamaa yetu, mtu aliyesoma na kuheshimika, ambaye alimwambia kwa upole kwamba wataalamu wamethibitisha kuwa saratani huwapata watu wanaomeza hasira na kuficha huzuni. Alimshauri asamehe, acheke, auache moyo ufunguke. Nia yake ilikuwa njema. Alipoondoka, mama mdogo alinitazama akaniuliza: "Kwa hivyo ni mimi niliyejipa?"

Sikuwa na jibu, nikaenda maktabani kulitafuta. Nani aliyesema haya, na aliyasema wapi?

Dhana kwamba tabia ya mtu huzaa saratani ni kongwe, ila katika karne ya 20 ilipata mtetezi mwenye jina kubwa. Hans Eysenck, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa profesa wa saikolojia jijini London, alishirikiana na Ronald Grossarth-Maticek kuchapisha mfululizo wa makala yaliyodai kwamba kuna aina ya haiba inayovuta saratani: mtu anayezima hisia zake na kukata tamaa upesi. Walidai kuwa watu wa haiba hiyo walikufa kwa saratani kwa kiwango kikubwa mno kuliko wengine, na kwamba ushauri nasaha, hata ule wa kusoma kijitabu, uliweza kuwaepusha na kifo. Madai hayo yalipunguza pia uzito wa sigara kama chanzo cha maradhi, na inafahamika kwamba Eysenck alipokea fedha za utafiti kutoka kwa kampuni za tumbaku.

Mwaka 1992, Anthony Pelosi na Louis Appleby walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, uhakiki ulioonyesha kwamba takwimu hizo hazikuelekea kuwa za kweli. Hapakufuata uchunguzi rasmi. Eysenck alifariki mwaka 1997 akiwa miongoni mwa wanasaikolojia waliorejelewa zaidi duniani. Pelosi alilirudia suala hilo katika makala mengine, na mwaka 2019 Chuo cha King's, London, kilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: makala 26 ambayo Eysenck aliyaandika pamoja na Grossarth-Maticek hayakuwa salama kutegemewa. Kuanzia mwaka 2020 majarida kadhaa yalianza kuyafuta baadhi ya makala hayo au kuyawekea tahadhari. Kati ya onyo la 1992 na tangazo la 2019 ni miaka 27. Katika muda huo wote, ni wagonjwa wangapi waliokaa kitandani wakijiuliza swali la mama mdogo?

Iliwezekanaje madai yenye kasoro kama hizo kudumu kiasi hicho? Sehemu ya jibu imo katika namna tunavyohesabu. Eugene Garfield alitoa wazo la faharasa ya marejeleo mwaka 1955, na mwaka 1964 akaizindua rasmi kwa ajili ya taaluma za sayansi. Lengo lake lilikuwa jema: msomaji aweze kufuatilia wazo kutoka makala moja hadi nyingine, kama mtu afuataye nyayo mchangani. Baadaye nyayo zikageuzwa mizani ya kumpimia msomi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo ambacho leo hutajwa katika wasifu wa wahadhiri wengi: mwenye makala 20 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 20, alama yake ni 20.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo haina masikio. Haisikii kama anayerejelea anasifu, anakosoa au anapita tu. Pelosi na Appleby walipomkosoa Eysenck walilazimika kumrejelea, na kwa kufanya hivyo wakamwongezea idadi. Mwangwi ukirudi mara mia haumaanishi kwamba watu mia wamesema. Aliyepiga ukelele huenda ni mmoja, na huenda alikosea. Jamaa yetu hakuwa mwongo. Alikuwa ukuta wa mwisho ambao mwangwi uliufikia.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba moyo wa mgonjwa hauna maana, au kwamba watafiti wote ni wa namna moja. Mwaka 1989, David Spiegel na wenzake wa Marekani walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wanawake 86 waliokuwa na saratani ya matiti iliyosambaa mwilini. Waliohudhuria vikundi vya kuzungumza na kufarijiana waliishi wastani wa miezi 36.6, ilhali wenzao waliishi miezi 18.9. Ulimwengu ulifurahi. Mwaka 2001, Pamela Goodwin na wenzake wa Kanada walitoa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235: vikundi havikurefusha maisha, lakini vilipunguza maumivu na dhiki ya nafsi, hasa kwa wale walioanza wakiwa na dhiki nyingi. Spiegel naye alirudia utafiti wake kwa wanawake 125. Mwaka 2007 alichapisha, kwa jina lake mwenyewe, kwamba kwa jumla maisha hayakurefuka.

Jambo hili la Spiegel ndilo lililonigusa kuliko yote. Kulikuwa na matokeo yaliyompa sifa na yaliyorejelewa kila pembe ya dunia. Angeweza kuyaacha yaendelee kumnenea mema. Badala yake aliyapima tena, na yalipokataa akasema yamekataa. Huyo ndiye mwandishi aliyekubali kwamba jina juu ya makala ni dhamana, si pambo.

Kwa mgonjwa, matokeo hayo si habari mbaya. Nilipomweleza mama mdogo, alipumua kwa nguvu. Kama furaha haiponyi saratani, basi huzuni yake nayo haikuileta. Akawa na ruhusa ya kulia siku anapotaka kulia, bila kuogopa kwamba kila chozi linaulisha uvimbe. Akajiunga na kikundi cha wagonjwa wenzake, si ili aishi zaidi, bali kwa sababu huko alisikilizwa. Fasihi yetu ililijua hilo kitambo. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baadaye. Utungo haukumwongezea miaka, lakini ulimpa nafasi ya kusema yaliyomjaa kifuani na kumwachia mwanawe usia. Ni nani awezaye kusema kwamba hiyo si tiba ya aina yake?

Wahariri wa majarida ya tiba, ambao kundi lao lilikutana kwa mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978, wameweka masharti manne kwa anayetaka kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika wazo au data, awe ameandika au kuhakiki matini, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kila sehemu ya kazi. Sharti hili la nne liliongezwa mwaka 2013. Asiyetimiza yote manne hutajwa katika shukrani. Ndiko jina langu lilikowekwa katika tasnifu ya yule mwenzangu, na ndiko lilikostahili: nilitafsiri, sikubuni utafiti. Kulitia kwenye jalada kungekuwa kuahidi kuyajibia mambo nisiyoyajua.

Wapenzi wa Kiswahili, kesho baadhi yetu tutakuwa wahadhiri, wahariri, walimu na watangazaji. Sisi ndio tutakaoyapeleka maneno ya wataalamu hadi sebuleni na kando ya vitanda vya wagonjwa, kwa lugha wanayoielewa. Nawasihi basi tusirejelee makala tusiyoyasoma, wala tusimwamini mtu kwa kuwa ametajwa na wengi. Tuangalie kama kazi tunayoinukuu ingali imesimama au imekwisha kufutwa. Tukitafsiri hojaji, tuijaribu kwanza kwa watu watakaoijibu. Na tunapoandika yale tuliyoambiwa na wagonjwa wasiotajwa majina, tuyatunze, kama yule mama alivyoagiza.