Kwaheri sheria ya 1976? Ngoja kwanza

Juzi dada mmoja niliyesoma naye chuo kaniuliza: "Hivi wakisema sheria imefutwa, inakuwa imekwenda wapi?" Nikacheka, halafu nikakumbuka aibu yangu mwenyewe.

Novemba 2016 ndiyo kwanza nilikuwa naanza kazi. Tarehe 5 Bunge likapitisha muswada wa Huduma za Habari pale Dodoma, na Rais Magufuli akausaini mwezi huohuo. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachoifuta Sheria ya Magazeti ya 1976, ile iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti akiona tu kwamba maslahi ya umma yanataka hivyo. Tume ya Nyalali ilishaiweka kwenye orodha ya sheria 40 kandamizi mapema miaka ya 1990, kwa hiyo tulisubiri sana! Nikaandika kichwa cha habari kwa furaha: "Kwaheri sheria ya 1976".

Mhariri wangu, mzee aliyefanya kazi chini ya sheria hiyo karibu maisha yake yote, hakutabasamu hata kidogo. "Dogo," akasema, "sheria mpya isome kuanzia nyuma. Tazama inafuta nini, halafu tazama inabakiza nini."

Nikaenda kusoma. Jamani! Kumbe waziri hawezi kuifuta sheria kwa hotuba. Inafutwa na sheria nyingine, iliyopita Bungeni, ikasainiwa, ikachapwa kwenye Gazeti la Serikali (gazeti pekee ambalo sijawahi kusikia limefungiwa, hehe). Na hata ikishafutwa, Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, inalinda yaliyokwisha kutendeka. Kosa la zamani linabaki kosa, na kesi inaendelea. Ndiyo maana wanahabari wa Mawio walioshtakiwa Kisutu pamoja na Tundu Lissu katikati ya 2016 waliendelea kuhudhuria mahakamani wakati sheria yenyewe tumeshaizika.

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Mambo tuliyoyachukia yalikuwa yamehama nyumba tu. Uchochezi ulikuwemo kwenye sheria mpya. Uwezo wa waziri kuzuia chapisho, nao ulikuwemo. Agosti 2017 magazeti yaliyokuwa yamesajiliwa siku nyingi yakaambiwa yaombe leseni upya, tena ya kila mwaka. Na Mawio lenyewe lilikuwa limefungiwa miezi 24, Juni 2017, kwa sheria ileile niliyoishangilia.

Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ikasema vifungu vingi vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Nikafurahi tena (sijifunzi mimi!). Vifungu vikabaki palepale kwenye kitabu, maana kuvitoa ni kazi ya Bunge, na Bunge lilikuja kurekebisha baadhi tu mwaka 2023.

Kichwa changu hakikuchapwa. Mzee aliandika kwa mkono wake: "Bunge lapitisha muswada wa habari". Wakati ule nilinuna siku mbili nzima, nikamwona mwoga.

Amestaafu sasa. Jana nimempigia simu, shikamoo, marahaba, nikamsimulia swali la yule dada. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wewe, bado unaanza kusoma mbele?"